Mwalimu Mmoja, Mwanafunzi Mmoja: Kujifunza Gitaa Kambini

[Gitaa peke yake, sekunde 15. Linashuka polepole mtangazaji anapoanza kusema.]

Nawasalimu nyote mlioko Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Kyangwali, Kiziba na kambi nyingine zote za nchi jirani. Mama unayekoleza moto saa hizi, baba uliyekaa nje na redio magotini, na wewe uliye kwenye foleni ya maji unayesikiliza kwa simu ya jirani, karibuni sana.

Leo tuzungumze juu ya gitaa. Hasa nataka tuzungumze juu ya kujifunza gitaa kwa mwalimu ambaye kwa muda ule ni wako peke yako. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Mjini watu huyaita masomo ya binafsi, na huyalipia pesa nzuri. Kwa hiyo ukiyataja hapa kambini, mtu hucheka na kusema hayo ni mambo ya watoto wa mabosi.

Lakini tembea jioni katika kijiji chochote cha kambi yako. Utamkuta mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake ya tope. Kijana amekaa mbele yake juu ya dumu tupu. Gitaa linatoka kwa huyu linakwenda kwa yule, kisha linarudi. Hilo ndilo somo la binafsi, msikilizaji. Tunalo tayari, ila hatujalipangia saa, na mara nyingi tunalichukulia kama mchezo. Leo nitaeleza linaleta faida gani, tulipange vipi, na tujihadhari na nini.

[Gitaa: nyuzi sita, mmoja baada ya mwingine, kutoka mnene hadi mwembamba.]

Najua kuna msikilizaji tayari amekunja uso. Anasema, "Posho imepungua, mvua inavujia watoto, na wewe unatuletea habari za gitaa?" Ni haki yake kuuliza. Gitaa halijazi sufuria, na mtu akikuahidi kwamba mwanao akijifunza gitaa leo mwezi ujao ataleta pesa nyumbani, usimwamini.

Ninalosema mimi ni hili. Siku ya kambini ina saa nyingi zisizo na kazi. Kijana aliyemaliza sekondari na hajapata chuo, wala kibarua, anaamka asubuhi na saa kumi na mbili mbele yake. Saa hizo zitajaa tu, ataka asitaka. Zinaweza kujaa usingizi, kamari, pombe ya kienyeji, au mawazo ya yale tuliyoyaacha nyuma. Nusu saa ya somo na robo saa ya mazoezi kila siku haiwezi kubadilisha kambi. Inaweza kumpa kijana huyo jambo moja la kesho, la kumfanya aamke akijua anakwenda wapi.

Sasa, kwa nini mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja? Kwa nini tusikae thelathini katika kituo cha vijana, tukafundishwa wote pamoja?

Kituo cha vijana ni kizuri, na aliye na nafasi aende. Lakini piga hesabu nami. Vijana thelathini, magitaa mawili, saa moja na nusu. Hiyo ni dakika tisini. Magitaa mawili yakifanya kazi muda wote bila kupumzika, kila kijana atashika gitaa kwa dakika sita. Muda uliobaki anatazama migongo ya wenzake. Na gitaa halijifunzwi kwa macho. Linajifunzwa kwa vidole.

Wengine wanasema, "Mimi nitajifunza kwa video za simu." Hiyo nayo ni njia, ukiwa na bando na mahali pa kuchaji. Shida ya simu ni moja: wewe unaiona, yenyewe haikuoni. Mpigaji wa kwenye video hajui kwamba uzi wako wa tatu hautoi sauti. Anaendelea tu na somo lake.

Mwalimu aliyekaa mbele yako anaona. Nikueleze anaona nini.

Kwanza, anaona kidole gumba cha mkono unaobana nyuzi. Mwanafunzi mpya hupenda kukikunja juu ya shingo ya gitaa kama anayeshika jembe. Akifanya hivyo, vidole vingine vinalala na kugusa nyuzi visizotakiwa kuzigusa. Mwalimu anakirudisha nyuma ya shingo, na mara moja vidole vinasimama.

Pili, anaona mahali unapobana. Juu ya shingo ya gitaa kuna vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza. Ukibana katikati ya vyuma viwili, au mbali na chuma cha mbele, sauti inatetemeka kama bati lililolegea. Ukibana karibu kabisa na chuma cha mbele, sauti inatoka safi, na hutumii nguvu nyingi. Ni tofauti ya nusu ya upana wa kidole. Peke yako unaweza kukaa miezi miwili ukidhani gitaa lako ni bovu.

[Gitaa: sauti moja yenye mtetemo. Kimya kidogo. Sauti ileile, safi.]

Umesikia tofauti? Ni uzi uleule na gitaa lilelile.

Tatu, anaona mabega yako. Anaona umeshika pumzi. Anaona unaharakisha pale panapokushinda ili upite upesi. Anakwambia, "Pole pole, rudia hapo." Katika darasa la watu thelathini hakuna wa kukwambia rudia hapo.

Nne, anajua mkono wako. Kuna mwenye vidole vifupi, kuna anayetumia mkono wa kushoto, kuna aliyepoteza kidole vitani au aliyevunjika mkono ukaunga vibaya. Mwalimu wa mtu mmoja anakutafutia njia inayofaa mwili wako. Aliyepoteza kidole cha pete atabana kwa vidole vilivyobaki. Asiyeona, yeye anafundishwa kwa kuguswa vidole na kusikiliza, na mara nyingi sikio lake linatangulia macho yetu.

[Gitaa: mdundo mwepesi wa rumba, sekunde 10.]

Msikilizaji, jambo hili halikuanza kambini. Muziki wa gitaa wa nchi tulizotoka ulikua hivyohivyo, mtu kwa mtu.

Mchukue Franco Luambo Makiadi. Alizaliwa mwaka 1938 Sona Bata, akakulia Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville. Baba yake alifariki Franco akiwa bado mtoto, na mama yake aliuza maandazi sokoni kulea watoto. Gitaa la kwanza la Franco alilitengeneza mwenyewe, la bati na nyaya. Kisha akampata mtu wa kumwonyesha. Paul Ebengo, aliyejulikana kwa jina la Dewayon, alikuwa na gitaa la kweli, na ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1953, Franco akiwa na miaka 15, alianza kurekodi katika studio ya Loningisa. Mwaka 1956 akawa mmoja wa waliounda OK Jazz. Wengi wetu tumesikia nyimbo zake tangu mgongoni mwa mama zetu. Nyuma ya mpigaji huyo alikuwepo jirani mmoja mwenye gitaa, aliyekubali kumkalisha mtoto wa muuza maandazi mbele yake.

Au chukua Nico Kasanda, aliyeitwa Dokta Nico, na kaka yake Dechaud. Walipiga pamoja katika African Jazz, Nico kwenye solo na Dechaud kwenye rithimu. Ndugu wawili wakiwa na gitaa nyumbani, kila mmoja anakuwa sikio la mwenzake.

Na wale wa Katanga wanamjua Mwenda Jean Bosco, aliyejiita pia Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Aliimba kwa Kiswahili, na sahani zake zikasikika hadi Nairobi, ambako alikwenda pia kupiga. Ukisikia gitaa lake unaweza kuapa wapigaji ni wawili. Ni mmoja. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inaimba kwenye nyuzi nyembamba.

[Gitaa: vidole viwili, mtindo wa zamani wa Katanga, sekunde 20.]

Mtindo huo wa vidole viwili hauandikiki vizuri kwenye karatasi. Unatoka mkono hadi mkono. Na hapa nasema na wazee wetu.

Mwaka jana, katika kambi yetu, tulimzika mzee mmoja aliyepiga hivyo. Sitamtaja jina, maana familia yake haijaniruhusu. Jioni za Jumapili watu walikusanyika kwake, wakacheza, wakacheka, wakaondoka. Wasikilizaji alikuwa nao wengi. Siku ya msiba gitaa lake lililetwa likawekwa ukutani, na watu wakaulizana nani ampigie mzee wimbo mmoja wa mwisho. Hakuna aliyejitokeza. Si kwamba tulikosa wapiga gitaa. Tulikosa aliyejua mkono ule. Hakuna aliyewahi kukaa mbele yake nusu saa kwa wiki akaoneshwa gumba linakwenda wapi.

Wazee wetu, huu ni mzigo mliovuka nao mpaka bila askari kuukagua. Tulipokimbia tuliacha ng'ombe, tuliacha mashamba, wengine waliacha hata picha za wazazi. Lakini mtu aliyepiga gitaa Uvira, Fizi, Kalemie, Moba au Bujumbura alivuka na mkono wake. Tunaomba mtuoneshe.

[Gitaa: mdundo uleule, kwa sauti ya chini. Unazimika.]

Kuna faida nyingine, na sijui kama ina jina. Nitaieleza tu.

Kambini tunahesabiwa kwa makundi. Kaya ya watu saba. Zoni hii, kijiji kile. Tunapanga foleni ya unga, foleni ya sabuni, foleni ya dawa. Ukifika dirishani unatoa kadi, unasomwa namba, unapokea, anafuata mwingine. Simlaumu mtu. Watu wengi hawawezi kuhudumiwa bila utaratibu. Lakini kijana anaweza kumaliza mwezi mzima bila mtu mzima hata mmoja kukaa naye dakika thelathini akimtazama yeye tu.

Katika somo la gitaa hilo linatokea. Kuna mtu anayekusubiri saa kumi jioni siku ya Jumanne. Usipofika, anauliza uko wapi. Ukifika, anakumbuka wiki iliyopita ulikwama wapi, na anaanzia hapo. Ukiwa na huzuni anaisikia kwenye mkono wako kabla hujasema. Sisemi gitaa linatibu majeraha ya vita. Mwenye usiku usiolala, mwenye kusikia milio ambayo wengine hawaisikii, aende kwa washauri wa afya ya akili walioko kambini, na gitaa limsindikize. Lakini kusubiriwa na mtu, na mtu huyo akukumbuke, si jambo dogo kwa aliyepoteza wengi.

Mwalimu naye anapata. Kuna mzee aliyekuwa fundi, mwalimu au mwanamuziki kule nyumbani. Huku amekuwa mtu wa kupokea tu. Siku anapopata mwanafunzi, anavaa shati safi. Watoto wanamwita tena mwalimu.

[Sauti ya watu wakicheka kwa mbali, kisha gitaa.]

Sasa tupange. Kama una kalamu, andika. Kama huna, mwambie mtoto akukumbushie.

La kwanza, mtafute mwalimu. Anzia kanisani, kwenye kwaya, maana huko ndiko wapigaji wengi walipo. Uliza kwa mafundi baiskeli na mafundi redio pia. Usitafute anayepiga haraka kuliko wote. Tafuta mwenye subira. Muombe akufundishe akodi moja, yaani vidole kadhaa kubana nyuzi kwa pamoja zikatoa sauti moja iliyojaa. Wenzetu wengine huita kodi. Ukiona anakupokonya gitaa kila dakika ili aonyeshe ufundi wake, mshukuru na utafute mwingine.

La pili, gitaa. Si lazima kila mwanafunzi awe na lake. Gitaa moja linaweza kuwahudumia wanafunzi wanne, kila mmoja na siku yake ya somo na robo saa yake ya mazoezi. Andikeni ratiba, ibandikeni ukutani. Asiye na gitaa kabisa bado ana la kufanya. Achukue ubao wenye upana wa shingo ya gitaa, achore mistari sita, na afanye mazoezi ya kupanga vidole na kubadilisha akodi. Ubao hautoi sauti, lakini vidole vinajifunza njia.

La tatu, malipo. Malipo yatajwe mapema, hata kama ni kidogo, kwa sababu urafiki mwingi huvunjika pale ambapo kila mtu alidhani mwenzake ameelewa. Yanaweza kuwa kuchota madumu mawili ya maji, kumsuka binti yake nywele, kumsomea barua, kumfundisha mwanawe hesabu. Lakini sikiliza hili: usiweke kadi yako ya posho rehani kwa ajili ya somo, wala usiuze unga wa watoto. Mwalimu anayedai hivyo, muache.

La nne, mpango wa nusu saa. Somo lisizidi hapo kwa anayeanza, maana vidole vitauma na akili itachoka. Ligawe hivi.

Dakika tano za kwanza ni za kutuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba, nyuzi sita ni mi, la, re, sol, si, mi. Kama huna kifaa wala simu, bana uzi mnene nafasi ya tano. Sauti inayotoka ndiyo sauti ya uzi unaofuata ukiwa wazi. Fanya hivyo uzi kwa uzi. Ukifika kwenye sol ukitafuta si, bana nafasi ya nne badala ya tano. Kisha rudi kwenye ya tano kwa uzi wa mwisho. Mwanafunzi atuni mwenyewe kila siku, mwalimu asikilize tu. Sikio linajengwa hapo.

[Gitaa: kutuni, uzi kwa uzi.]

Dakika kumi zinazofuata ni za kurudia somo lililopita, polepole, mkihesabu moja, mbili, tatu, nne kwa sauti. Mguu upige chini. Dakika kumi nyingine ni za jambo jipya, na liwe moja tu. Dakika tano za mwisho mpige pamoja. Mwalimu apige solo, mwanafunzi ashike rithimu, hata kama anajua akodi mbili. Hapo ndipo mwanafunzi anapoonja muziki, na ndipo atakapotaka kurudi.

Akodi zipi za kuanzia? Anza na sol, do na re. Akodi hizo tatu zinabeba nyimbo nyingi mno za kanisani na za dansi. Akodi ya fa iache kwanza. Inataka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi kadhaa, na imewakatisha tamaa wanafunzi wengi kabla hawajaonja wimbo hata mmoja.

La tano, mazoezi. Robo saa kila siku inashinda saa mbili za Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki za mwanzo ncha za vidole zitauma, hasa ukitumia nyuzi za chuma. Usiogope. Ngozi itakuwa ngumu kidogo na maumivu yatapungua. Zikianza kuchanika au kutoka damu, pumzika siku mbili.

[Gitaa: sol, do, re, polepole, mara mbili.]

Sasa tahadhari. Nasema na wazazi.

Mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja haina maana ya watu wawili ndani ya mlango uliofungwa. Mtoto afundishwe mahali pa wazi: barazani, uwanjani mwa kanisa, chini ya mwembe, mzazi au ndugu mkubwa akiwa karibu. Mwalimu mwema hatakasirika ukikaa hapo na mchele wako ukiuchambua. Somo liishe kabla ya giza. Mtoto akikataa ghafla kwenda, usimpige wala usimlazimishe. Muulize kwa upole. Kama kuna jambo baya, nenda kwa mfanyakazi wa ulinzi wa watoto katika kambi yako siku hiyohiyo.

Na mabinti zetu? Mama mmoja aliniambia, "Gitaa ni la wanaume." Nikamuuliza, "Mama, nani aliandika hivyo?" Akacheka. Binti ana vidole kumi kama kaka yake. Kinachomzuia mara nyingi ni saa. Jioni wavulana wanapopiga gitaa, yeye yuko kwenye bomba la maji au jikoni. Kwa hiyo, baba, ukimpa binti yako ruhusa, mpe na nusu saa. Mwambie kaka yake achukue dumu siku hiyo.

Kuhusu gitaa lenyewe. Msiliache juani wala kulitundika chini ya bati la moto, maana gundi italegea na shingo itapinda. Mvua nayo ni adui yake. Lifungeni kwa kitambaa, mliweke mbali na jiko. Kama gitaa lenu ni la nyuzi za nailoni, msiliwekee nyuzi za chuma. Chuma kinavuta kwa nguvu zaidi, na kinaweza kung'oa daraja linaloshikilia nyuzi. Mkimaliza kupiga, futeni nyuzi jasho, zitadumu.

[Gitaa: wimbo mwepesi usio na maneno, sekunde 15.]

Kabla sijaaga, niwape habari ya wakimbizi wenzetu wa mbali kidogo. Vita vya Sierra Leone vilianza mwaka 1991, vikaisha 2002. Watu wengi walikimbilia nchi jirani ya Guinea. Katika kambi za huko, Reuben Koroma, mkewe Grace na rafiki yao Francis Langba walianza kupiga muziki kwa ajili ya wakimbizi wenzao. Baadaye shirika moja la Kanada likawasaidia kupata magitaa chakavu, kipaza sauti kimoja na vyombo vichache. Kundi lao likajulikana kama Sierra Leone's Refugee All Stars. Filamu juu yao ilitoka mwaka 2005, albamu yao ya kwanza 2006, na wakapiga katika nchi nyingi.

Sikupi mfano huu ili uanze kuota ndege. Wakimbizi wengi wanaopiga gitaa hawatapanda jukwaa la Ulaya, na hilo tulijue mapema. Nakupa ili uone walianzia wapi. Walianza na walichokuwa nacho, wakawapigia majirani zao.

Kuna jambo moja kambi inatufundisha kwa uchungu: watu huondoka. Leo mwalimu wako yupo, mwezi ujao jina lake linatoka kwenye orodha ya kuhamia nchi ya tatu, au anaamua kurudi nyumbani. Kwa hiyo naomba kila mwanafunzi aweke ahadi hii. Ukishajua akodi tatu na wimbo mmoja, tafuta mdogo wako mmoja, mkalishe mbele yako, umuoneshe. Usisubiri uwe bingwa. Mwalimu wako akiondoka, somo libaki kijijini. Na wewe ukiondoka, utamwacha wa kukaa kwenye kigoda chako.

Wiki hii, msikilizaji, nakupa kazi. Kama unajua kupiga gitaa, mchague mtoto mmoja wa jirani, ongea na wazazi wake, mpangie siku na saa. Kama hujui, mtafute anayejua, umsalimie, umuulize anataka nini kwa nusu saa yake. Wiki ijayo waambie wawakilishi wetu wa wasikilizaji mmefika wapi, nasi tutasoma salamu zenu hapa hewani. Kama kuna wawili walio tayari kupiga sol, do na re bila kukatika, tutawaletea kinasa sauti hukohuko mlipo.

Vijana wenzangu, katuni magitaa yenu. Mimi nawaaga hapa hadi wiki ijayo, saa hii hii. Mungu awalinde, usiku mwema.

[Gitaa: vidole viwili, mtindo wa Katanga. Linapanda, sekunde 30, kisha linazimika.]

Mwisho wa kipindi.